Mnunuzi Akikudanganya Mtandaoni: Hukumu ya Kuuza Sarafu za Kale na Namna ya Kulinda Haki Yako

SWALI:

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh, nakuandikia kutoka Kolandoto, Shinyanga. Marehemu babu aliacha mkebe wa sarafu za enzi ya Mjerumani: rupia tatu za fedha, hela tano za mwaka 1916 zenye herufi T, na moja ndogo ya dhahabu yenye tembo. Baba naye ameshafariki, mkebe umebaki kwangu. Niliweka picha kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji wa vitu vya kale. Mnunuzi wa kwanza akanunua rupia tatu, nikapokea ujumbe kuwa pesa imeingia, nikazituma kwa basi. Nilipoangalia salio, hakuna kitu. Wa pili alinunua hela tano akalipa, lakini baada ya wiki amerudisha hela zilizolika akisema ndizo nilizomtumia, na anataka pesa yake, la sivyo atanitangaza kuwa tapeli. Sasa wa tatu anataka ile ya dhahabu kwa laki nane, nusu sasa na nusu ikimfikia. Na yule wa kwanza, bila kujua kuwa ni mimi, ananiulizia sarafu nyingine kwa namba nyingine. Je, naweza kupokea pesa yake nisimpe kitu, ili nifidie? Au nimtumie bandia? Na shangazi zangu wawili bado sijawaambia lolote. Nisaidie.

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Ndugu yetu muulizaji, tunakupa pole kwa yaliyokufika, na tunakushukuru kwa kuuliza kabla ya kulipiza. Swali lako lina maswali matano ndani yake. Tutaanza na lile uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo la mwanzo.

KWANZA: SARAFU HIZI NI ZA NANI?

Mkebe wa babu ni mirathi. Siku aliyofariki, kila sarafu iliyokuwemo iliingia katika milki ya warithi wake wote. Shangazi zako ni mabinti wa marehemu na fungu lao limetajwa katika Surat an-Nisaa aya ya 11. Fungu la baba yako, kama alifariki baada ya babu, sasa ni la warithi wake: mama yako, wewe na ndugu zako. Kukaa kwa mkebe chumbani kwako hakukufanyi kuwa mmiliki wake. Wewe ulikuwa mwenye amana.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa mtu akiuza mali ya mwenzake bila idhini, uuzaji huo haupiti katika fungu la mwenzake. Maulamaa wa Hanafi na Maliki wamesema unasimama ukisubiri ridhaa ya mwenyewe; akiridhia unapita. Basi nenda kwa shangazi zako leo. Waeleze zilikuwa sarafu ngapi, umeuza zipi, kwa bei gani, na nini kimetokea. Waombe radhi. Pesa uliyopokea kwa hela tano ina fungu lao ndani yake.

Tumelitanguliza hili si kwa kukulaumu wakati umeumizwa. Ni kwa sababu mtu anayelalamika kuwa amedhulumiwa hana budi aangalie mikono yake kwanza. Na lina faida ya dunia pia: wakati utakapohitaji mashahidi kuwa sarafu zilikuwa nzima na zilitoka kwa babu, hakuna watakaokufaa kuliko shangazi zako.

PILI: RUPIA TATU ZA FEDHA

Hapa iko mas'ala ambayo wauzaji wengi wa sarafu za kale hawaijui. Rupia za Mjerumani, zilizoanza kutolewa mwaka 1890, zilitengenezwa kwa madini ya fedha. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ameweka sharti kwa dhahabu na fedha: zikiuzwa kwa jinsi yake, ziwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, zikiuzwa kwa jinsi nyingine ya thamani, ziwe mkono kwa mkono. Jambo hili limo katika Hadithi ya Ubada bin as-Swamit iliyopokewa na Muslim. Na pesa za noti za leo, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jiddah liliamua katika kikao cha mwaka 1986 kuwa zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba na zaka.

Huenda utasema: mimi sikuuza fedha kwa uzito, nimeuza kitu adimu. Ni kweli kuwa wapo maulamaa, kama Ibn Taymiyya, walioona kuwa kazi ya sonara huipa mapambo hukumu ya bidhaa. Lakini kauli ya wengi ni kuwa uzuri au uadimu hauondoi asili ya madini. Fadhala bin Ubayd siku ya Khaybar alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokifungua akakuta dhahabu yake peke yake imezidi dinari 12. Mtume akaelekeza kuwa kisiuzwe mpaka vitenganishwe. Imepokewa na Muslim. Kile kilikuwa kidani kilichotengenezwa, na bado dhahabu yake ilihesabiwa kuwa dhahabu.

Nini matokeo yake kwako? Uliachana na mnunuzi bila kupokea chochote, kwa hiyo makubaliano yale yamebatilika. Rupia tatu bado ni mali yenu, wewe na warithi wenzako. Hazikuwa deni tu kwake. Yeye amezishika kama mporaji, na wajibu wake ni kuzirudisha zenyewe. Akiwa amezipoteza au kuziuza, anadaiwa badala yake. Kwa hiyo unapompigia au unapoandikisha taarifa polisi, usiseme tu "hajanilipa". Sema: "Amechukua mali kwa ujumbe wa uongo, nataka mali irudi."

Na kuhusu ule ujumbe: ujumbe wa simu si malipo. Kupokea, kwa maana ya kisharia ya qabdh, ni pesa iingie mikononi mwako au katika akaunti yako uweze kuitumia. Baraza hilohilo la Fiqhi, katika kikao cha mwaka 1990, limekubali kuwa kuingia kwa pesa katika akaunti ni kupokea. Lakini iwe imeingia kweli. Fungua mwenyewe menyu ya mtandao wako wa simu uangalie salio kabla ya kwenda stendi. Matapeli huandika maneno yaleyale ya mtandao, kwa namba yao wenyewe, na mwenye haraka haoni tofauti.

TATU: HELA TANO NA MNUNUZI ALIYEREJESHA NYINGINE

Hela zako ni mali yenye historia. Neno "hela" tunalolitumia kila siku limetokana na Heller, sarafu ya Mjerumani iliyogawa rupia moja katika hela 100 kuanzia mwaka 1904. Zenye mwaka 1916 na herufi T zilipigwa Tabora wakati wa vita, katika karakana ya reli, kwa shaba na kwa shaba ya njano, kwa kuwa meli hazikuweza kuleta sarafu kutoka Ujerumani. Shaba si katika mali za riba, kwa hivyo kuziuza kwa pesa na kuzituma baadaye kunafaa.

Mnunuzi anayo haki ya kurejesha akikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya kuuziwa. Haki hii inaitwa khiyaar al-ayb, na hakuna Muislamu anayeruhusiwa kuikataa. Lakini yeye anadai kuwa hela zilizolika ndizo ulizomtumia, nawe unasema si hizo. Mas'ala hii Imam an-Nawawi ameitaja katika Minhaj at-Talibin, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu: mnunuzi akileta kitu chenye kasoro ili akirejeshe, na muuzaji akakanusha kuwa hicho ndicho alichomuuzia, anayesadikiwa ni muuzaji kwa kiapo chake. Msingi wake ni kanuni inayojulikana: ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha.

Basi fanya hivi. Linganisha hela alizorudisha na picha ulizoweka mwanzo: mikwaruzo, ukingo, rangi. Ukiwa na yakini kuwa si zako, mjibu kwa upole na kwa maandishi kuwa hizi sizo, picha ni hizi, na uko tayari kuapa mbele ya watu wa sulhu. Hulazimiki kurudisha pesa, na vitisho vyake havibadilishi hukumu. Hela alizoleta ziweke kama amana, usiziuze. Ama ukiwa na shaka, usithubutu kuapa. Kiapo cha uongo cha kulia mali ya mtu ni katika madhambi makubwa, na hela tano hazistahili hilo. Hapo suluhu ni bora: mgawane hasara.

NNE: JE, NIPOKEE PESA YA TAPELI NISIMPE KITU?

Ndugu yangu, tunaelewa uchungu unaokusukuma. Maulamaa wameizungumzia hali ya mtu aliyedhulumiwa akakuta mali ya aliyemdhulumu. Mas'ala inaitwa dhafar. Hind bint Utba alimlalamikia Mtume kuwa mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, na Mtume akamruhusu achukue cha kumtosha yeye na watoto kwa wema. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Kwa Hadithi hii, wanazuoni wa Shafi wamesema mwenye haki iliyothibiti, aliyenyimwa na asiyeweza kuipata kwa njia ya kawaida, anaweza kuchukua kadiri ya haki yake bila kuzidisha.

Lakini unachokiuliza si hicho. Hind hakumdanganya mtu ili apate mali. Alichukua haki iliyokuwa mbele yake. Wewe unataka kumwambia mtu "nitakuuzia" huku moyoni umeazimia kutomuuzia. Huo ni uongo na mkataba wa hila. Na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam), katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ametuagiza turejeshe amana kwa aliyetuamini na tusimfanyie khiyana hata aliyetufanyia khiyana. Kutuma bandia ni haramu vilevile, tena ni hatari zaidi, kwa kuwa bandia hiyo haitaishia kwake. Ataiuza kwa mtu mwingine asiye na kosa. Pia huna yakini kuwa namba hiyo mpya ni ya mtu yuleyule. Huenda ni mteja mwema, na wewe ndiye utakayekuwa tapeli wake.

Njia ya halali ipo, na ni ya wazi. Ukithibitisha kuwa ni yeye, mwambie: "Mimi ndiye uliyechukua rupia zangu tatu. Zirudishe au lipa badala yake, kisha tuzungumze mengine." Akileta pesa akijua kuwa inaingia katika haki yako, pokea. Asipoleta, namba hiyo mpya ni ushahidi mkubwa kwa polisi, kwa sababu laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole.

TANO: SARAFU YA DHAHABU

Hapa ndipo penye mali kubwa, na ndipo unapohitaji kusubiri kuliko pote. Sarafu yenye tembo mbele ya mlima, ya rupia 15, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilizopigwa ni elfu kumi na sita na kidogo tu, kabla ya Tabora kutekwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Ina gramu 7 na ushei, na robo tatu ya uzito wake ni dhahabu safi. Ikiwa ni ya kweli, minadani nje ya nchi huuzwa kwa maelfu ya dola. Nakala za bandia nazo zipo, kwa hiyo ipimwe kabla hujamuahidi mtu.

Sasa tazama hiyo laki nane. Nenda kwa sonara mjini Shinyanga, mwambie akupimie uzito na ubora, upige hesabu ya gramu zake za dhahabu safi kwa bei ya siku. Utaona mwenyewe kuwa mnunuzi huyu hakukupa hata bei ya kuyeyusha, achilia mbali bei ya wakusanyaji. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amekataza kuwalaki wafanyabiashara wa msafara njiani, kabla hawajafika sokoni na kujua bei, na akampa muuzaji hiari ya kuvunja makubaliano akishafika sokoni. Imepokewa na Muslim. Mnunuzi anayekuharakisha kwenye simu kabla hujauliza bei anakulaki njiani. Dawa yake ni kufika sokoni: uliza kwa watu watatu au zaidi wanaojua sarafu, wasiojuana.

Ama nusu sasa na nusu ikifika, kwa dhahabu haifai. Ni lazima bei yote na sarafu vibadilishane katika kikao kimoja. Na tazama jinsi sheria ya Mola wetu inavyokulinda: sharti hilihili la mkono kwa mkono, ambalo wengine wanaliona zito, ndilo linalomfungia tapeli mlango. Watu wa ukanda wenu hawahitaji kufundishwa. Mchimbaji wa Geita au Kahama haachi dhahabu yake mezani akaondoka na ahadi. Hupimwa, hulipwa, ndipo anasimama. Soko la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019 linafanya kazi hiyohiyo: mizani na malipo mahali pamoja.

Kama mnunuzi yuko Dar es Salaam, mazungumzo ya simu yawe ni ahadi tu, na muelewane hivyo kwa maandishi. Kisha aje yeye au wakili wake, au wewe umtume ndugu yako mwaminifu awe wakili wako, wakutane benki au kwa sonara, pesa iingie na sarafu itoke. Hapo ndipo mkataba unapofungwa.

SITA: MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUUZA

Kwa wote wanaouza vitu vya kale mtandaoni, iwe rupia, riyali, stempu au masanduku ya nakshi, tunausia haya.

1. Andika. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika na kushuhudisha katika mambo ya mali. Wazee wetu wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika aina, mwaka, uzito, bei, jina la mnunuzi na namba yake.

2. Piga picha pande zote mbili na ukingo, juu ya mizani, mbele ya mashahidi wawili. Ukituma kifurushi, kifungwe mbele yao pia, na uchukue risiti ya basi.

3. Usiache bidhaa kabla ya pesa. Fiqhi yetu inampa muuzaji haki ya kuizuia bidhaa mpaka alipwe, akiogopa kupoteza bei yake. Kumwambia mteja "lipa kwanza" si kumdhania vibaya. Akiogopa naye, mtafutieni mtu wa kati mnayemwamini wote wawili.

4. Weka hiari ya kurejesha kwa siku maalumu. Swahaba mmoja, Habban bin Munqidh, alikuwa akidanganywa katika biashara. Mtume hakumfukuza sokoni; alimfundisha aseme wazi wakati wa kuuziana kuwa hakuna kuhadaana, na katika baadhi ya mapokezi akapewa hiari ya siku tatu. Hiari hii ni kwa bidhaa zisizo dhahabu na fedha. Huko madhehebu yetu hayaruhusu kushartisha hiari, ila haki ya kurejesha kwa kasoro inabaki palepale.

5. Usiisugue sarafu kwa ndimu wala jivu ili ing'ae. Wakusanyaji wanaitaka na rangi yake ya umri, na kuisugua kunaishusha thamani. Ukishaisugua, sema. Na kama una riyali ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, mueleze mnunuzi kuwa sarafu hiyo imeendelea kupigwa miaka mingi baadaye kwa tarehe hiyohiyo. Ukweli wako ndio unaokupa haki ya kudai ukweli wake.

6. Mkimbie mnunuzi anayekutaka wewe utangulize pesa, kwa jina la gharama za kupima, kibali au mzigo. Mnunuzi hutoa pesa, haombi. Na anayesema rupia yako ina "nguvu" ya kuvuta utajiri na inatakiwa na mganga, huyo anakuharibia mali na itikadi kwa pamoja.

7. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na milango ya nakshi ya kabla ya mwaka 1940. Anayekwambia ukifiche kitu cha namna hiyo katika kifurushi cha nje ya nchi anakuingiza kwenye kesi. Uliza kibali kwanza.

SABA: WAPI UPELEKE MALALAMIKO YAKO

Usikae kimya kwa aibu. Kumripoti tapeli si kusengenya. Maulamaa wameitoa shakwa ya aliyedhulumiwa katika kusengenya kulikoharamishwa. Nenda polisi na ujumbe wa uongo, namba zote mbili na risiti ya basi. Usifute chochote kwenye simu. Udanganyifu wa namna hii unaingia katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya tapeli itume pia kwenda 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kazi hiyo. Ama huyu wa pili, kama ni Muislamu, muite kwanza katika sulhu mbele ya imamu wa msikiti au ofisi ya BAKWATA ya mkoa, kabla ugomvi haujakua.

MUHTASARI WA JIBU

Waeleze shangazi zako na uwape haki yao. Rupia tatu bado ni mali yenu, zidaini zirudi. Kwa hela tano, neno ni lako kwa kiapo, ukiwa na yakini tu. Usipokee pesa ya mtu kwa uongo wala usitume bandia. Sarafu ya dhahabu isitoke mpaka imepimwa, warithi wote wameridhia bei, na pesa yote imeingia mkono kwa mkono.

Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa Muumini haumwi mara mbili katika tundu moja. Wewe umeshaumwa mara mbili. Ya tatu usiiruhusu. Allah ameufungua mwanzo wa Surat al-Mutaffifin kwa kuwaonya wanaotaka kutimiziwa wanapopokea, na wanapunguza wanapotoa. Onyo hilo linamhusu mnunuzi kama linavyomhusu muuzaji. Na kile usichokipata hapa duniani hakikupotea. Katika Hadithi ya muflisi aliyoipokea Muslim, Mtume ametueleza kuwa aliyekula mali za watu atalipa Siku ya Kiyama kwa mema yake. Yakiisha, atabebeshwa madhambi yao. Huko hakuna ujumbe wa uongo, wala laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Tunamuomba Allah akurudishie mali yako, ailainishe mioyo ya shangazi zako, na atubarikie sote katika chumo la halali.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.